Kijitabu Kilichopotea Hakikupotea

Mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa na korosho za mwisho bado zinaokotwa, mjomba wa wanangu alishuka kwenye basi la kutoka Dar na kiroba begani. Wenzake waliteremsha magodoro na ndoo. Kiroba chake kilichakarika kama kokoto. Alikinunua kwenye mitumba ya midoli kwa bei ya kutupa, na ndani yake mlikuwa na matofali ya plastiki yale yanayopandana, lego, ya rangi zote, pamoja na vichwa vitatu vya watu visivyo na miili. Hapakuwa na sanduku wala kijitabu. Alivimwaga mkekani, akawaambia wapwa zake, "Haya, jengeni," akaingia ndani kusalimia wazee.

Mimi nina steshenari hapa Chiungutwa, Masasi: kopi, kuprinti, kuchaji simu, kujaza fomu za maombi ya vyuo. Kwa hiyo kesi ya kiroba ililetwa kwangu siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa nje ya duka kuna benchi, na benchi halikosi watu, kwa wiki mbili nilisikia hukumu za kila namna kuhusu matofali yale na maelekezo yake. Watu walizitoa kwa uhakika wa mtu anayetaja bei ya mnada wa korosho wa jana. Chache zilikuwa na kweli ndani yake. Nyingi hazikuwa nayo, na najua wazazi waliotupa vitu vizima kwa kuziamini. Nazijibu kama zilivyonijia.

"Kijitabu kikishapotea, seti imekufa"

Aliyesema hivi ni shemeji yangu, fundi redio, mtu anayejua vizuri shida ya kufungua kitu usichokuwa na mchoro wake. Namheshimu, ila hapa amekosea.

Kampuni ya LEGO, ya mji mdogo wa Billund huko Denmark, ilianza kutia maelekezo ndani ya masanduku yake mwaka 1964. Leo kampuni hiyo hiyo imeviweka vijitabu vyake kwenye tovuti yake kwa mafaili ya PDF, na humo utakuta seti nyingi zilizotoka tangu katikati ya miaka ya 1990. Hulipi chochote. Unaandika namba ya seti, picha ya sanduku inatokea, unabonyeza, unapakua. Za zamani zaidi, mara nyingi kuna mpenzi wa mchezo huu mahali fulani aliyeskani kijitabu chake ukurasa kwa ukurasa akakiweka wazi.

Kijitabu kipo, basi. Kilichopotea ni namba. Namba ya seti, ambayo siku hizi huwa ya tarakimu tano, huchapwa kwenye sanduku na kwenye jalada la kijitabu, yaani vile vitu viwili ambavyo muuza mitumba huvitupa kwanza ili kiroba kijae.

Nikiri kosa langu. Siku ya kwanza niligeuza tofali jekundu, lile la kawaida la vinundu vinane, nikalielekeza kwenye mwanga wa mlango. Ndani, katikati ya mirija, nikaona tarakimu ndogo kama mayai ya chawa: 3001. Nikafurahi kama mtu aliyeokota noti. Nikaiandika kwenye tovuti, nikaambulia kapa. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba ile ni namba ya umbo la kipande. Kila tofali lao la vinundu viwili kwa vinne, liwe la gari la polisi au la nyumba ya mwanasesere, ni 3001. Nilikuwa kama mtu anayemtafuta mwenye nyumba kwa kusoma geji iliyoandikwa kwenye bati la paa.

Hata hivyo namba ya umbo nayo ina kazi yake. Ziko tovuti za wapenzi wa matofali haya. Rebrickable ni moja, na nyingine ni BrickLink, iliyoanzishwa na Dan Jezek mwaka 2000 kisha ikanunuliwa na LEGO wenyewe mwaka 2019. Humo unaingiza umbo na rangi, nazo zinakuorodheshea seti zote ambazo kipande hicho kimo. Ukiingiza 3001 nyekundu utapata orodha ndefu kama ya wapiga kura, haitakusaidia. Ujanja ni kutafuta kipande cha ajabu kuliko vyote kirobani: bawa, kioo chenye mchoro, kiwiliwili cha mtu chenye nembo kifuani. Kifua kilichochapwa nembo ya pekee mara nyingi kimo katika seti chache tu, na hapo umemkamata mwenyewe.

Kirobani mwetu vya ajabu vilikuwa vipande vya kijani vyenye viungo vya kuzunguka, pamoja na kucha. Mwanangu wa pili, wa darasa la tano, ndiye aliyesema, "Mama, hawa ni wanyama." Nikaachana na namba, nikatafuta kwa picha: kijani, kucha, dinosaria. Ikajitokeza seti 31058 ya mwaka 2017, yenye vipande 174, ambayo kwa vipande hivyo hivyo unajenga dinosaria mmoja, unambomoa, unajenga mwingine, hadi watatu.

Tena ukishapakua, anzia nyuma. Kurasa za mwisho za vijitabu vya miaka ya karibuni zina picha ya kila kipande na idadi yake. Sisi tulitandaza vifuniko vya ndoo sakafuni, kila kimoja na rangi yake, tukahesabu kabla hata ya kugusa hatua ya kwanza. Kati ya 174 tulipata 161. Wale kumi na tatu tutawarudia.

"Maelekezo yenyewe ni ya Kiingereza"

Hili lilisemwa na mwalimu, ndiyo maana liliniuma. Mwalimu hakuwa amekiona kijitabu.

Hakuna sentensi ya Kiingereza ndani. Hakuna sentensi ya lugha yoyote, ukiacha maonyo ya usalama na matangazo yanayowekwa mwanzoni au mwishoni. Kila hatua ina namba, kisanduku kidogo pembeni kinachoonyesha vipande vya kuchukua, na chini ya kila kipande 1x au 2x au 4x. Mshale unaonyesha kinapoingia. Sehemu inayojengwa pembeni kisha ikaletwa kwenye mwili huzungushiwa fremu yake. Mshale uliojikunja maana yake geuza ulichojenga. Basi. Mtoto asiyejua kusoma anaelewa kwa ukurasa wa tatu, na bibi yake kwa ukurasa wa kumi kwa sababu anabishana.

Ugumu upo, ila uko kwingine, nao si wa lugha. Wa kwanza ni kioo cha simu. Kwenye kijitabu cha karatasi, fimbo za ekseli huchorwa kwa ukubwa wake halisi, na pembeni huandikwa 1:1, ili mtoto aweke fimbo juu ya picha na kulinganisha. Kwenye simu picha hiyo imekuwa ndogo au kubwa kufuatana na unavyovuta kioo, na ulinganishaji huo unakuwa uongo mtupu. Nimemwona kijana wa jirani akiweka fimbo juu ya kioo, akaridhika, na hatua nane baadaye tairi likagoma kuingia. Dawa yake ni ile tarakimu iliyo karibu na picha ya fimbo: ukiona 4, laza fimbo kando ya tofali la vinundu vinne. Vikilingana, ndiyo yenyewe.

Wa pili ni rangi. Nyeusi na kijivu kilichokoza hufanana kwenye kioo chenye ufa na mwanga uliopunguzwa kulinda chaji. Ongeza mwanga, kamilisha ukurasa, punguza.

Na anayedhani mchezo huu ni wa macho peke yake asikie habari ya Matthew Shifrin, Mmarekani asiyeona. Alipotimiza miaka 13, rafiki yake Lilya Finkel alimwandikia maelekezo ya seti moja kwa maneno, hatua kwa hatua, ili ajenge mwenyewe kwa vidole. Kazi ile ndiyo iliyoizaa huduma ya LEGO ya maelekezo ya sauti na ya nukta nundu mwaka 2019. Huko ndiko lugha inapohitajika kwelikweli, na huko Kiswahili kingekuwa na kazi ya kufanya. Nawafikiria watoto wa shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma. Mtu wa kuwaandikia hatua hizo kwa Kiswahili hahitaji kiwanda. Anahitaji seti moja, kalamu na uvumilivu wa yule Lilya.

"Huku mtandao wenyewe wa kuwinda"

Ni kweli mtandao ni wa kuwinda. Hapa dukani naujua mlango unaposhika na dirisha usiposhika. Lakini kijitabu unakipakua mara moja tu. Seti ndogo ni MB chache. Seti kubwa ya maelfu ya vipande inaweza kupita MB 50, lakini ya namna hiyo haifiki kwenye viroba vya mitumba. Likishaingia kwenye simu, faili halihitaji tena bando. Lirushe kwa Bluetooth kwenye simu ya jirani, kaeni chini ya mkorosho mjenge, data mkiwa mmezima. Kinachomaliza bando ni kutazama video ya mtu anayejenga, dakika arobaini, huku ukiisimamisha kila hatua na kuirudisha nyuma.

Tahadhari mbili kutoka kwa aliyeungua. Seti kubwa kidogo huwa na vijitabu viwili au vitatu, vyenye alama 1/2, 2/2. Niliwahi kupakua cha pili pekee, cha gari la zimamoto, nikamkabidhi mtoto simu, akakaa nusu saa akitafuta gari ambalo picha ya kwanza kabisa ilimwonyesha limeshajengwa nusu. Halafu seti moja inaweza kuwa na mafaili mawili yaliyoandikwa V29 na V39. Usipakue yote, gari ni lile lile.

Tena msije kwangu kuprinti. Nasema hivi nikiwa mwenye printa. Kurasa ni nyingi, na za rangi ni ghali kuliko kiroba chenyewe. Ukiprinti nyeusi na nyeupe, kijani, kahawia na bluu vyote vinakuwa kijivu kimoja, na mtoto anajenga kwa kubahatisha.

"Lazima ulipie"

Hapana. Aliyekuomba namba ya kadi au fedha ya simu ili akupe kijitabu rasmi cha seti anakuuzia maji ya mvua. Kinachouzwa kihalali ni michoro ya wabunifu binafsi, watu waliokaa wakabuni jengo au gari lao wenyewe na kulichorea hatua zake. Baadhi yao hutoa bure, baadhi huuza, ni jasho lao. Kaka mmoja hapa alilipa mahali fulani, akapewa faili ambalo kampuni inaligawa bure. Alipogundua alicheka, lakini hakucheka sana.

"Hizo za Kichina haziingiliani, na maelekezo yake hakuna"

Hapa ndipo benchi lilipogawanyika, na pande zote mbili zina cha kusema.

Zinaingiliana. Tofali la sasa la LEGO liliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958, na vipimo vyake havijabadilika: kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu cha jirani ni milimita 8, kimo cha tofali ni milimita 9.6, na vibamba vitatu vya milimita 3.2 vikipangana vinakuwa tofali moja. Tofali la mwaka ule linapandana na la leo. Hataza ina mwisho, na hii ilipokwisha, wengine wakaingia. Kampuni ilijaribu kulinda umbo lile kwa njia ya alama ya biashara, ikashindwa katika Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2005 na tena katika Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2010. Majaji walisema jambo ambalo fundi yeyote wa mjini Masasi angelisema: vinundu vile vipo ili vishike, na kazi ya kushika haimilikiwi milele kwa kuitwa alama. Ndiyo maana tofali la kampuni nyingine linakaa juu ya la Billund, ingawa mara nyingine linalegea au linakaza mpaka utumie meno. Msitumie meno.

Kutengeneza tofali linalopandana ni halali. Kunakili seti nzima, picha ya sanduku na kila kitu, ni jambo lingine. Kampuni ya Lepin ya China ilifanya hivyo kwa miaka, na mwaka 2020 mahakama ya Shanghai ilimfunga kiongozi wake miaka 6.

Kuhusu maelekezo, wanaolalamika wana hoja. Seti za kampuni ndogo hubeba namba zake zenyewe, na ukiiandika namba hiyo kwenye tovuti ya LEGO utaletewa kitu kingine au hutaletewa kitu. Baadhi ya kampuni hizo zina tovuti, nyingine ukikitupa kijitabu ndiyo kwaheri. Kwa hiyo kwanza ujue umeshika nini. Tazama kichwa cha kinundu kwa jicho la karibu: tofali la LEGO limeandikwa jina hilo kwenye kila kinundu, dogo lakini lenye kusomeka. Kwenye kiroba chetu kama robo hivi ya vinundu vilikuwa vipara. Vipara navyo tulivitumia. Havina ukoo, lakini vinabeba uzito.

"Sisi tuna udongo na waya, hayo ni ya watoto wa mjini"

Mzee aliyesema hili alikuwa anachonga mpini wa jembe, na nilimsikiliza mpaka mwisho. Alisema kwao Newala mtoto alitengeneza gari la waya lenye usukani mrefu na magurudumu ya kandambili, akalisukuma hadi kisimani, na hakuna aliyempa kijitabu. Kweli tupu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akiandika kila alichokiona, na katika kitabu chake kuna picha ya mtu akichezesha pia. Pia ile nayo haikuja na kijitabu.

Ninachokataa ni hilo neno "watoto wa mjini". Ole Kirk Kristiansen, aliyeanzisha LEGO mwaka 1932, alikuwa seremala wa kijijini. Wateja wake walikuwa wakulima, bei za mazao zilianguka, watu wakaacha kuagiza milango na madirisha, naye akabaki na mbao na karakana. Akaanza kuchonga midoli ya mbao. Mtu wa Chiungutwa aliyeuona msimu mbaya wa korosho anamwelewa seremala huyo bila mkalimani. Jina la kampuni lilikuja 1934, kutoka maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri", na plastiki ikaja baadaye sana.

Na kuna jambo la kuchekesha kidogo. Mfuko wa LEGO Foundation, unaomiliki robo ya kampuni hiyo, umelilipia shirika la BRAC kuendesha vituo vya michezo vya watoto wadogo hapa Tanzania, na midoli ya vituo hivyo hutengenezwa kwa vitu vya hapa hapa, vingine vilivyokwisha kutumika. Desemba 2019 mfuko huo huo ulitangaza dola milioni 100 kwa shirika la misaada la IRC, kwa ajili ya watoto walioathiriwa na vita na ukimbizi, na Tanzania ikawa mojawapo ya nchi za mradi huo pamoja na Uganda na Ethiopia. Ina maana faida ya vinundu vya plastiki imekwenda kulipia midoli ya vizibo na matambara. Wenye matofali wenyewe hawaoni ugomvi kati ya plastiki na waya. Sioni kwa nini tuuone sisi.

Mzee alimaliza mpini wake, akaupitisha kiganjani kutafuta mkwaruzo, akasema, "Sawa, lakini la waya linatembea." Hilo sikulijibu.

"Kufuata picha kunadumaza akili ya mtoto"

Hii ndiyo hoja inayopendwa na waliosoma, na inasikika vizuri. Mtoto apewe vipande, ajibunie. Ukimpa hatua umemfanya kasuku.

Tuanze na hesabu. Matofali sita tu ya 3001 ya rangi moja yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Zamani kampuni ilikuwa ikitaja 102,981,500, mpaka Søren Eilers, mwanahisabati wa Denmark, alipoonyesha kwamba hesabu ile ilihesabu minara ya matofali sita yaliyopandana moja moja tu, ikaiacha mipangilio mingine yote. Mtu anayeogopa kwamba kijitabu cha namna moja kitaziba namna milioni mia tisa na ushei haziogopi picha, anamdharau mtoto.

Lakini hesabu haijibu kila kitu, kwa hiyo niende kwa wachongaji, maana tuko kwenye nchi yao. Hakuna mchongaji wa Kimakonde aliyeanza kwa kubuni. Kijana hukaa karibu na fundi. Hupewa msasa, hung'arisha kazi ya mwenzake mpaka vidole vijue mpingo unavyokwenda. Kisha hupewa kitu kidogo cha kuiga, na akikiharibu huanza upya. Anaiga miaka. Kutoka katika uigaji huo ndimo walimotoka watu kama Roberto Yakobo Sangwani, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ile minara ya watu waliobebana tunayoiita ujamaa. Kuhusu Samaki Likankoa, inasimuliwa kwamba kinyago chake kilivunjika sehemu mikononi mwake, naye badala ya kukitupa akaona ndani yake umbo la shetani, na mtindo mzima ukazaliwa hapo. Mtu ambaye mkono wake haujawahi kuiga asingeweza kuiona ile ajali kuwa kitu. Angeona kuni.

Nilichokiona sakafuni kwangu ni hicho hicho kwa kimo kidogo. Kabla ya kijitabu, wanangu walijenga ukuta. Siku ya pili ukuta mrefu zaidi. Siku ya tatu waligombana juu ya ukuta. Walipofuata hatua za dinosaria waligundua mambo ambayo kwa akili zao wasingeyafikia mwezi mzima: kwamba vinundu vinaweza kuelekea pembeni, kwamba kiungo cha mpira kinaweza kuwa nyonga au shingo, kwamba tofali likikaa juu ya maungio ya mawili ya chini linayafunga, jambo ambalo kila fundi mwashi wa hapa analijua na hakuna aliyewahi kuwaambia. Wiki iliyofuata, bila picha yoyote, kitinda mimba alijenga trela yenye mkia unaokunja kona. Kiungo cha mkia kilikuwa nyonga ya dinosaria.

Wanaodumazwa wapo, siwakatai. Ni wale ambao baba huchukua simu na matofali, akajenga mwenyewe mpaka saa nne usiku, kisha akakiweka alichojenga juu ya kabati kisiguswe.

"Kimoja kikikosekana, usihangaike"

Sasa wale kumi na tatu.

Ukiambiwa kwamba seti yenye pengo haijengeki, kumbuka mjusi wetu. Tendaguru iko mkoa wa jirani, Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani chini ya Werner Janensch ulichimba huko mifupa ya dinosaria zaidi ya tani 200, wachimbaji na wasimamizi wakiwa watu wa kusini huku, akiwemo msimamizi mashuhuri Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Mkubwa kuliko wote alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na leo kimo chake ni mita 13.27. Kila baada ya muda bungeni huulizwa atarudi lini.

Mjusi yule hakuja na kijitabu. Wala si mnyama mmoja. Mifupa yake imetoka kwa zaidi ya mnyama mmoja, na palipokosekana mfupa wataalamu walitengeneza wa plasta wakauchomeka. Ulimwengu mzima unampiga picha na hakuna anayesema hajakamilika.

Kwa hiyo tulifanya kama Berlin. Kwanza tulitafuta mbadala wa kimo: kibamba cha vinundu vinne kikikosekana, viwili vya vinundu viwili vinakaa mahali pale, ila uhakikishe kuna kitu juu yake au chini yake cha kuvishikanisha. Tofali likikosekana, vibamba vitatu. Palipotakiwa kijani tuliweka rangi iliyopo. Vipande vitatu vilitushinda kabisa, vyote vya viungo. Kimoja tulikiziba kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa na yule mzee wa mpini, aliyetaka kujua kipenyo na hakuuliza ni cha nini. Mwanzi hauzunguki vizuri. Shingo inaelekea kushoto.

Tulimaliza siku ya Jumapili baada ya ibada. Dinosaria alisimama juu ya kaunta ya steshenari, kijani, mguu wa nyuma mwekundu, bega la manjano, vinundu vitatu vipara mgongoni. Bibi yao aliinama akamtazama kwa muda, akauliza kama huyu ndiye yule waliyembeba. Mwanangu wa darasa la tano akamwambia, "Hapana Bibi, yule alikula majani. Huyu anakula nyama." Kisha akavuta simu, akashuka hadi kwenye picha ya mnyama wa pili, akaanza kumng'oa wa kwanza kichwa.